Siku Baba Alipoamkiwa Shikamoo

Watu wa mtaa wetu wa Tabora walikuwa na adabu sana. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani nawasingizia ushenzi. Hawakumpiga baba yangu, hawakumwibia, hawakumtolea neno chafu hata moja. Walimuua kwa adabu, tena mchana, tena wamevaa kanzu safi.

Nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizouzunguka uwanja wa majani tuliouita Kambini. Jina hilo lilitokana na misafara ya zamani iliyotoka ng'ambo ya ziwa na pembe na watu kwenda pwani. Ikifika Tabora ilitua hapo, wapagazi wakapumzisha mabega. Wakati wetu, Mwingereza akitawala na garimoshi limekwisha kuchukua mizigo yote, hakuna aliyelala pale isipokuwa mbuzi. Lakini uwanja ulikuwa wa wote. Wanawake tulianika makopa ya muhogo na matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa vikakatwa na kukaushwa juani. Wanaume waliswali Idi pale. Harusi zikichezwa, zilichezwa pale. Na baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba, alianika pale nyasi zake kabla ya kuzipandisha kwenye mapaa ya watu. Kila nyumba ya pembeni ilikuwa na mlango uliotazama uwanja, na mlango huo ndio uliokufanya mtu wa mtaa. Ukiwa nao, majani yale ni yako kama yalivyo ya mwenzako.

Mpaka wa uwanja ulikuwa minyaa. Ni mti usio na majani, vijiti vitupu vya kijani, ukiukata unatoa maziwa yanayochoma macho. Mbuzi hauli, mchwa hautaki, na ukichomeka kijiti ardhini kinashika hata kama hukukipenda. Ndiyo maana ni mpaka mzuri, na ndiyo maana ni mpaka mwongo. Mtu mwenye tamaa huchomeka vijiti hatua moja mbele ya ua wake wakati wa mvua, akaung'oa ule wa nyuma kidogo kidogo kwa kisingizio cha kuni. Ukija kuuliza, ua umeshakuwa mkubwa, nawe huna la kusema.

Kwa hiyo kila mwaka mvua zilipoisha, kabla nyasi hazijakauka, mtaa mzima ulizunguka mipaka. Na kwa kuwa sisi ni watu tunaojijua, kazi ya kusema nani kasogeza ua haikupewa mzee wa mtaa wala jumbe. Ilipewa mtani.

Mtani wetu alikuwa Mzaramo, mtu wa reli aliyestaafu, aliyekuja Tabora kuongoza njia za garimoshi pale stesheni na hakurudi tena kwao. Mnyamwezi na Mzaramo wana utani tangu enzi za misafara. Wanatukanana, wananyang'anyana kofia, wanazomeana hadi misibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Basi wazee walifanya akili: mtu wa kumwambia jirani yako kwamba ni mwizi wa ardhi ni yule ambaye jirani huyo hawezi kumkasirikia. Mtani alitangulia na fimbo, mtaa ukimfuata nyuma, na kila mwenye nyumba akisimama mlangoni kwake akisubiri zamu yake. Akifika kwako anakutukana kwanza, nawe unamrudishia, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha anatazama minyaa yako na kutoa hukumu. "Huu wa zamani, uache." Au, "Huu wa juzi, ung'oe." Unaung'oa palepale ukicheka. Mtaa wetu haukupata kupigana kwa sababu ya mpaka, na wazee walijisifu kwa hilo.

Baba aliipenda siku hiyo kuliko Idi. Aliamka akanyoa, akavaa kofia yake ya kazi kusudi, ile yenye makapi ya nyasi, ili mtani apate la kusema. Nayo maneno hayakukosekana.

"We mwezekaji!" mtani aliwahi kumpigia kelele. "Unafunika vichwa vya watu wote, chako kinavuja hata akili haikai!"

"Afadhali mimi navuja kichwa," baba akajibu, "wewe unavuja mdomo tangu Daisalama, na reli nzima imeota kutu."

Mama, ambaye alikuwa Mnyamwezi wa Kigwa na alipenda mambo yaende kwa utaratibu, alikuwa akisema mwanamume mtu mzima hapaswi kufurahia matusi namna ile. Hakuelewa, au alielewa na hakutaka kuligusa jambo lenyewe. Jambo lenyewe nitalisema mimi. Bibi yangu mzaa baba aliletwa Tabora na msafara akiwa msichana, kutoka Manyema, na hakuja kwa hiari yake. Baba alizaliwa katika nyumba ya Waarabu mjini, na Mwingereza alipopiga marufuku utumwa, baba alikuwa kijana aliyekwisha kuota ndevu. Alitoka pale na nguo alizovaa, akajifunza kuezeka, akamwoa mama, akajenga Kambini. Alisema Kinyamwezi vizuri kuliko wengi waliozaliwa nacho. Na hakuna aliyemuuliza. Tabora ina watu wa namna hiyo wengi, ukianza kuchambua mchele na pumba hutakula siku hiyo. Lakini mara moja kwa mwaka mtu mmoja alisimama mbele ya mlango wake, mtaa mzima ukisikia, akamwita "nyani wa Unyamwezi wewe," na baba akang'aa uso. Tusi lile lilikuwa hati yake. Hakuwa na nyingine.

Maana utani una kanuni yake: mwenyeji hutukanwa. Mgeni hatukanwi. Mgeni huamkiwa kwa heshima, hupewa kiti, huulizwa habari za alikotoka.

Sasa nije kwenye kosa la baba, kama lilikuwa kosa.

Jirani yetu wa mkono wa kuume alikuwa ndiye mzee wa mtaa, mtu wa tasbihi na sauti ya chini, aliyefanya biashara ya nta na asali. Minyaa yake ilikuwa inatembea. Kila mtu aliijua. Sisi wanawake tuliijua zaidi, kwa kuwa mahali tulipokuwa tukitandika mikeka ya matobolwa palikuwa sasa ndani ya ua wake, na kuku wake wanapaparua hapo. Lakini mtani alikuwa amemwoa dada yake. Mwaka hadi mwaka alipofika kwenye ua wa shemeji yake alimtukana vizuri sana, akautazama ua, akasema, "Huu wa zamani," akapita.

Mwaka mmoja alisema hivyo tena, na baba, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake akisubiri zamu, akashindwa kujizuia.

"Mtani!" akaita. "Minyaa ya shemeji yako imeota miguu. Mwaka jana niliiona hapa, mwaka huu iko pale. Tusipoifunga kamba itafika stesheni, ikate tiketi, tuje kuisikia imeshuka Tura!"

Watu walicheka. Si kucheka kwa kawaida, walikaa chini. Mzee mmoja aliangusha bakora. Kanuni ya utani ilimtaka mtani ajibu kwa tusi kubwa zaidi, nami nilimwona akifungua mdomo na kukosa. Ikawa kicheko kingine, cha kumcheka yeye. Mwishowe mzee wa mtaa mwenyewe, akitabasamu kwa meno tu, akasema, "Basi ung'olewe, kama mtani wetu mpya ameona." Vijana wakaingia na majembe. Ua ukarudi nyuma mpaka mahali pake, na wanawake tukapata uwanja wetu wa kuanikia.

Jioni ile baba alikula sana. Mama hakula. Alisema, "Umemcheka mtu mbele ya watu." Baba akamwambia huo ni utani, hakuna kukasirika. Mama akasema utani ni wa mdomo, moyo haujui kanuni.

Mwaka mzima uliofuata mtani na mzee wa mtaa walikuwa wema kwetu. Mtani akipita alisimama. Mzee wa mtaa alituletea kibuyu cha asali ya msimu, ile nyeupe nyepesi. Mimi nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu kutoka Igalula nilikokuwa nimeolewa nikaachika, habari ambayo sitaisimulia hapa, na nilikuwa nimejifunza kule kwamba watu wakianza kuwa wema ghafla ni vizuri kuhesabu visu vya jikoni. Nilimwambia baba. Akacheka. Alikuwa anatunga matusi. Akiwa juu ya paa la mtu nilimsikia akiyajaribu kwa sauti, akijichekea peke yake, huku akifunga fito kwa kamba za magome.

Siku ya kuzunguka ikafika. Palikuwa na ukungu asubuhi, kisha jua likatoka kali. Tulisimama mlangoni, baba mbele na kofia yake ya makapi, mama na mimi nyuma. Msafara wa mtaa ulianza upande wa pili wa uwanja, nasi tukawa tunasikia vicheko vikikaribia nyumba hadi nyumba. Mtani alikuwa katika hali nzuri mno siku ile. Alimtukana muuza tumbaku mpaka mkewe akaomba maji. Alimwambia mzee mmoja wa ukoo fulani kwamba wao walizaliwa na masikio mawili lakini wanatumia moja kwa zamu. Niliona kitu kimoja kilichonisumbua: vijana wawili waliokuwa nyuma ya msafara walibeba mzigo wa vijiti vya minyaa vilivyokatwa, maziwa bado yanadondoka. Siku ya kukagua mtu hubeba majembe ya kung'olea. Vijiti vya kupanda ni vya nini?

Walipofika kwa mzee wa mtaa, mtani akamtukana, akautazama ua, akasema, "Huu uko mahali pake, tunamshukuru aliyeuonyesha." Kisha akageuka kwetu.

Baba alikwisha kuinua kidevu. Midomo ilikuwa inacheza, ana jibu tayari hata kabla ya tusi.

Mtani akavua kofia. Akainama kidogo, mikono ameikunja mbele ya tumbo.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Kwanza watu walicheka, wakidhani ni mlango wa tusi. Maana mtani alikuwa mkubwa kwa baba kwa umri, na mkubwa haamkii mdogo. Wakasubiri. Baba naye akasubiri, anatabasamu. Mtani alibaki ameinama, akingoja kuitikiwa kama mtoto mwenye malezi. Kicheko kikapungua, kikaisha. Nikasikia mbuzi wakikata majani.

"Shikamoo," akarudia, taratibu, kwa sauti ya upole kabisa.

Ungemfanya nini mtu wa namna hiyo? Baba hakuwa na budi. "Marahaba," akasema.

"Habari za kwenu, mzee? Huko Manyema hawajambo?"

Baba hakuwahi kufika Manyema maisha yake yote.

Kisha mtani akavaa kofia, akamgeukia mama yangu, akapaza sauti ile tuliyoizoea. "Na wewe, binti wa Kigwa, kichwa kama kibuyu kilichosahaulika shambani! Umekaa na mgeni nyumbani miaka yote hii, hata kumtandikia mkeka mzuri hukujua?"

Hapo watu wakaelewa, na wakacheka. Niliwaona wote. Muuza tumbaku alicheka. Mama wa nyumba ya tatu, ambaye baba alimwezekea jiko bila kumdai kitu alipofiwa na mumewe, alicheka akajifunika mdomo kwa kanga, kana kwamba kanga inazuia sauti. Mama yangu alitakiwa kujibu. Alikuwa mwenyeji, ana haki ya kutukanwa na haki ya kurudisha. Alisimama tu, machozi yanamtoka, na mtani akamwambia watu wote wakisikia kwamba hakuna ruhusa ya kukasirika.

Mzee wa mtaa akasogea mbele na tasbihi yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa kweli ilikuwa aibu ya mtaa mzima kumwacha mgeni wao bila ua. Mbuzi wanamsumbua, watoto wanampigia kelele mlangoni. Mgeni anastahili faragha yake. Mlango wa kutokea mgeni ni ule wa nyuma, upande wa barabara, ili akitaka kusafiri asipate taabu. Akasema na bismillahi.

Vijana wakashusha vijiti. Wakachimba mashimo kuanzia kona ya ua wa mzee wa mtaa, wakapita mbele ya mlango wetu, moja kwa moja hadi kona ya pili. Walipanda vijiti viwili viwili, vilivyo vinene, vya kuziba haraka. Hawakutusukuma. Mmoja alimwambia baba, "Samahani, mzee, sogea kidogo usije ukaingiwa na maziwa machoni." Na baba akasogea.

Nilidhani atapiga mtu. Nilitaka apige mtu. Mpaka leo, nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye, mikono yangu inawasha nikikumbuka fimbo ya kuezekea ilivyokuwa imeegemea ukutani, karibu kabisa na mkono wake. Lakini angepiga kwa kosa gani? Wangesema, ametukanwa nini? Ameamkiwa.

Mama alipopata nguvu alisema twende kwa liwali, na liwali asiposikia, kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya.

"Nikashitaki nini?" baba akamuuliza. "Niseme, bwana, mtu kanipa shikamoo?"

Asubuhi mama alitoka akang'oa kijiti kimoja mbele ya mlango, akang'oa cha pili, akavitupa uwanjani. Baba alipita kwa nyuma, akazunguka barabara hadi upande wa pili, akaviokota, akavichomeka mahali palepale na kukanyaga udongo kwa kisigino. "Usiharibu kitu cha watu," akamwambia. Hapo ndipo nilipojua kwamba wamemweza.

Minyaa ikashika. Kitu kibaya hakihitaji mbolea. Makopa tulianika juu ya paa la jiko, yakaliwa na kunguru. Nyasi za baba zilikosa pa kukaukia. Alizisimamisha kando ya barabara zikaingiwa na vumbi na mikojo ya ng'ombe, na mapaa aliyoyaezeka msimu ule yalivuja kweli. Lakini si hayo yaliyommaliza. Ni ile adabu. Ilienea mtaani kama homa ya kuku. Wanaume wa rika lake, waliokuwa wakimwita "we mwezekaji" tangu ujana, wakaanza kumwamkia. Akienda barazani walimpisha kiti kizuri. Alipoketi walimuuliza safari ilikuwaje. Kahawa alimiminiwa wa kwanza, kama apewavyo mpita njia. Neno lenyewe, shikamoo, alikuwa amelisikia utotoni kutoka kinywani mwa mama yake kila asubuhi, akiwasemea mabwana zake huku amepiga magoti sakafuni. Sasa aliambiwa yeye, na lilikuwa na uzito uleule. Akaacha kwenda barazani.

Kuna jambo halikutoka kichwani mwangu. Mtani naye alishuka kwenye garimoshi mtu mzima, na sanduku lake la bati, kwao ni pwani. Bibi yangu alikuwa amekanyaga majani ya Kambini kabla reli haijafikiriwa. Kwa hesabu ya miguu, nani mgeni? Niliuliza hivyo kwa mama wa nyumba ya tatu. Akaniambia, "Mwanangu, mambo hayo ni ya wanaume," na akanipa viazi niende navyo.

Mvua zilizofuata zilimkuta baba kifua kimeziba. Alikohoa mpaka mbavu zikaonekana. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa ya chupa, akarudi nayo, akalala kwenye kitanda cha kamba karibu na ule mlango usiofunguka. Kadiri mvua zilivyopungua ndivyo alivyozidi kuuliza. Nyasi za Kambini zimefika wapi? Wamekwisha kutangaza siku ya kuzunguka? Nikamwambia bado. Siku moja, nikimfuta jasho, akasema, "Safari hii atanitukana. Mtu hawezi kushikilia mzaha mwaka mzima." Ndiyo kwanza nikajua kwamba bado aliuita mzaha. Tena alikuwa na jibu tayari, akanionjesha. Lilihusu Wazaramo na nazi na kichwa cha mtani, lilikuwa chafu na lilikuwa zuri, na nilicheka mpaka nikalazimika kutoka nje.

Nilijua hatafika siku ya kuzunguka. Basi nikajifunga kanga, nikaenda kwa mtani.

Nilimkuta uani anakata kucha. Nikampa salamu yake, akaitikia vizuri, akaniita binti yangu, akauliza hali ya mgonjwa.

"Nimekuja kukuomba umtukane baba," nikasema.

Akainua macho.

"Njoo mara moja tu. Sema lolote. Sema akili inavuja. Mwite nyani. Mwite kilicho kibaya kuliko nyani. Anakufa, babu, na hilo tu ndilo analolitaka."

Sijapata kumwomba mtu kitu kwa namna ile, si kabla wala baadaye. Nilipiga magoti kwenye vumbi lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, hakucheka. Aliweka wembe chini, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto dini, kwamba utani si matusi ya ovyo. "Utani wetu na Wanyamwezi ulizaliwa njiani, binti yangu. Baba zetu na baba zao walibeba mizigo, wakalala njaa pamoja, wakazikana. Mama yake baba yako alipita njia hiyohiyo, ni kweli. Lakini yeye hakubeba. Yeye alikuwa ndio mzigo. Sasa mimi nitataniana vipi na mzigo?"

Nilimwambia baba hajamkosea kitu ila kusema kweli juu ya ua wa shemeji yake.

"Ua?" akasema. "Ua ulikwisha kurudi. Sisi hatuna kinyongo." Akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu. "Lakini umefanya vizuri kuniita. Mgonjwa ni wa kutazamwa."

Alikuja nyuma yangu. Njiani alinunua sukari dukani, akaishika mkononi ndani ya karatasi. Tulizunguka kwa barabara, maana mlango wa mbele haukuwapo. Baba alisikia sauti yake uani akimsalimu mama, na mimi nilipoingia nilimkuta amejiinua kwa kiwiko, uso umeshika damu. "Niketishe," akasema. "Nipe kofia." Nikampa ile ya makapi. Akaivaa, akafuta midomo, akameza mate ili sauti itoke.

Mtani akaingia. Aliinama kwa ajili ya mlango mfupi, kisha akabaki ameinama.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa maradhi."

Baba alimtazama kwa muda. Sijui kama alikuwa akisubiri au alikuwa akimpa nafasi. Kifua kilipanda na kushuka. Mtani akaweka sukari kando ya kitanda, akasema Mungu atamwafu, akasema kwamba dunia hii sote wapita njia, wengine zaidi.

"Marahaba," baba akasema. Kisha akaniambia, "Mpe mgeni kiti."

Hicho ndicho alichobakiza. Alivua kofia mwenyewe, akageukia ukutani, na maneno yake ya Wazaramo na nazi hakuyasema tena kwa mtu yeyote.

Alikufa kabla hawajazunguka mipaka. Mtu wa Kambini akifa, mtani huwa na kazi. Huzuia jeneza njiani akidai marehemu hajamlipa deni la kofia. Huruka ndani ya kaburi akajilaza, akasema hatoki mpaka ndugu wa marehemu wampe kuku, na watu wenye msiba hucheka huku wanalia. Nilisimama mbali pamoja na wanawake, nikilitazama lile shimo lililokwisha kuchimbwa, nikasema moyoni, ruka, mbwa wewe, ruka hata sasa. Alisimama kandokando, kofia mkononi, kichwa kimeinama. Alishika udongo kwa mkono wa kuume akautia kaburini mara tatu kama sheria inavyosema, akampisha mzee wa mtaa naye atie. Hakuna aliyezuia njia wala aliyepaza sauti. Waliporudi walitupa mkono mmoja mmoja, wakakaa kwenye mikeka barabarani, na nikawasikia wakisema, wakikubaliana wote, kwamba yalikuwa mazishi ya heshima kabisa.